Mbwa Hajui Kwamba Umemwokoa

Wadogo zangu, barua za mwezi huu zimejaa mbwa. Si mbwa wa jirani anayewanyima usingizi, bali mbwa wanaosafirishwa kutoka Romania, Bosnia na Cyprus kuja kuishi sebuleni kwa watu huku Uingereza. Na baadhi ya watu hao ni ninyi, mliokua mkiambiwa kwamba mahali pa mbwa ni uani. Mimi dada yenu pia ninaye mmoja wa Romania, jina lake Bosi, kwa hiyo haya siyasemi kwa kusikia. Nimechagua barua nne.

"Dada, tunaishi Leicester. Watoto wetu wawili wameona kwenye simu picha ya mbwa aliye bandani Romania, macho yake yanatia huruma. Wanasema asipochukuliwa atauawa. Tukilipa, analetwa kwa gari mpaka mlangoni. Tumchukue?"

Mdogo wangu, huruma yenu ni ya kweli na shida ya huko ni ya kweli pia. Enzi za dikteta Ceaușescu serikali ya Romania ilibomoa mitaa ya nyumba zenye ua na kuwahamishia watu kwenye maghorofa. Mbwa wengi wakabaki barabarani, wakazaliana. Mwaka 2013 mtoto wa miaka minne aliuawa na mbwa mjini Bucharest, na mwezi huohuo bunge likapitisha sheria inayoruhusu mbwa aliyekamatwa auawe iwapo siku 14 za kazi zitapita bila mtu kumchukua. Tangu hapo mashirika ya Ujerumani, Uingereza na kwingineko yameongeza kasi ya kuwatoa nje ya nchi. Karibu na mji wa Pitești kuna makao yaitwayo Smeura, zamani shamba la kufugia mbweha, ambako wanatunzwa mbwa kwa maelfu. Kwa hiyo watoto wako hawajadanganywa.

Lakini picha haibweki wala haiumi. Huwezi kujua kwa picha kama mbwa huyo anawaogopa watoto, kama amewahi kupanda ngazi, au kama atavumilia kelele za mashine ya kufulia. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: tafuta mbwa ambaye ameshafika. Mashirika mengi yanayoleta mbwa yana familia za hapahapa Uingereza zinazowalea kwa muda. Nendeni mkamwone huko, mrudi tena siku nyingine na watoto, mwulizeni anayemlea anafanyaje usiku, anafanyaje mlango ukigongwa. Pitieni pia kwa mashirika ya hapa kama Dogs Trust na RSPCA. Najua wengi wenu mnakimbilia ng'ambo baada ya kukataliwa na mashirika ya hapa, eti watoto ni wadogo mno au mnafanya kazi za zamu. Basi kaeni mzipime sababu hizo kabla ya kukasirika, kwa sababu hazifutiki kwa mbwa kutoka mbali. Huenda zikazidi uzito.

Halafu makaratasi. Mbwa lazima awe na chipu chini ya ngozi, kisha achanjwe chanjo ya kichaa cha mbwa akiwa na umri wa wiki 12 au zaidi, kisha zipite siku 21. Piga hesabu mwenyewe: hakuna mtoto wa mbwa anayeweza kuingia nchini kihalali kabla hajafikisha wiki 15. Ukiahidiwa kitoto cha wiki kumi kutoka Romania, jua kuna mtu anadanganya. Kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia Uingereza lazima apewe dawa ya tegu na daktari wa mifugo, na iandikwe. Tena mbwa anayeletwa ili apewe mmiliki mpya huhesabiwa kama bidhaa ya biashara, hata shirika likiwa la hisani. Kwa hiyo anahitaji cheti cha afya kilichotiwa saini na daktari wa serikali ya kule anakotoka. Akikuambia mtu kwamba atampitisha mpakani kama mbwa wake mwenyewe aliyekwenda naye likizo, weka pesa yako mfukoni.

Kwenye vipimo nitakaa kidogo, maana wengi huvipita mbio. Kuna bakteria anaitwa Brucella canis, anayeshambulia viungo vya uzazi vya mbwa. Hutoka zaidi kwenye majimaji ya kuzaa au ya mimba iliyoharibika, na pia kwenye mkojo. Mbwa mwenye maradhi hayo anaweza kuonekana mzima kabisa, na dawa hazitoi hakikisho kwamba amepona. Binadamu huambukizwa mara chache, lakini huambukizwa. Nyumba yenye mjamzito, mtoto mchanga au mgonjwa mwenye kinga dhaifu haipaswi kubahatisha. Dai majibu ya kipimo cha damu kabla hajapanda gari, kisha apimwe tena miezi mitatu baada ya kufika. Mbwa wa Cyprus, Ugiriki na Hispania wapimwe leishmania pia. Wasomaji wa Baringo na Turkana mnamjua ndugu wa ugonjwa huo kwa jina la kalaazar, unaoenezwa na wadudu wadogo wanaouma usiku. Mbwa mwenye leishmania anaweza kuishi vizuri, ila huenda akahitaji dawa maisha yake yote. Na kuna minyoo ya moyo, inayoletwa na mbu. Hakuna kipimo katika hivi cha kukukatisha tamaa. Vyote ni vya kukujulisha unachobeba.

Pesa: huduma ya afya ya serikali, NHS, haina mlango wa mbwa. Bima ya mbwa ipo, lakini soma maandishi madogo, kwa sababu ugonjwa aliokuja nao kwa kawaida hawaulipii. Wenye kipato kidogo wanaweza kuuliza shirika la hisani la PDSA kama wanastahili kusaidiwa matibabu. Mkiwa mmepanga, pateni ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Na swali la mwisho kwa shirika ni hili: akitushinda, mtamchukua? Wanaofanya kazi hii kwa dhati watakuandikia jibu hilo kwenye mkataba bila kunung'unika.

Mwisho, wakati. Mnaishi Leicester, na barua yako imeandikwa vuli. Diwali ya Belgrave Road na fataki za tarehe 5 Novemba hufuatana kwa karibu, halafu unakuja mwaka mpya. Mbwa aliyeingia nyumba ngeni kipindi hicho ataruka uzio. Subirini Februari.

"Dada, mimi ni kijana wa Glasgow. Nina mbwa kutoka Bosnia, hii wiki ya tatu, na bado anaishi nyuma ya kochi. Nikimsogelea anatetemeka, na jana amenilia ngrrr. Nimetoa pesa, nimemnunulia kitanda, nimelala sakafuni ili anizoee. Kweli shukrani ya punda ni mateke."

Kaka, hapo kwenye neno shukrani ndipo ulipokwama, na si wewe peke yako. Wewe unajua kwamba umemwokoa. Yeye hajui. Alikuwa na mahali pake, pabaya lakini anapapajua: harufu zake, wenzake, saa ya kula. Siku moja akashikwa, akatiwa kwenye kizimba, akapelekwa barabarani siku kadhaa usiku na mchana, kisha mlango ukafunguliwa akajikuta ndani ya kuta na mtu mmoja anayemkazia macho. Kwa hesabu zake, ametekwa. Mtekwa hamshukuru mtekaji, hata kitanda kiwe laini namna gani.

Ukishalikubali hilo, mambo mengi yatakuwa mepesi, kwa sababu utaacha kumdai. Na ukiacha kumdai utaacha kumfuatafuata, jambo ambalo sasa hivi ndilo analolihitaji kuliko mengine yote.

Wanaolea mbwa wa namna hii wana kanuni wanayoiita tatu-tatu-tatu: siku tatu za bumbuwazi, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu ya kuanza kujiona yuko kwake. Hayo ni makadirio tu. Wapo wanaochukua mwaka. Sisi tumelelewa na msemo kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu usimpe jembe. Usimtake aje akiitwa, wala akae kwa amri, wala awachangamkie rafiki zako.

Fanya hivi. Nyuma ya kochi pawe pake rasmi: weka blanketi, maji karibu, na asivutwe kutoka humo kwa sababu yoyote isiyo ya dharura. Ukipita, usimtazame usoni. Kaa chini ubavu ukimwelekea, soma kitabu chako, mrushie kipande cha kuku wa kuchemsha, kisha ondoka. Kuondoka ndiko kunakomfundisha kwamba ukaribu wako hauna gharama. Atakapokuja mwenyewe kukunusa, mkono wako ubaki chini. Usimshike kichwani kutoka juu. Mkune kifuani kwa sekunde chache, uache, uone kama atasogea kuomba zaidi. Akigeuza uso, umejibiwa.

Jifunze kumsoma. Mbwa anayejilamba midomo na hakuna chakula, anayepiga miayo na hana usingizi, anayekuonyesha weupe wa jicho, aliyekaza mwili na kuficha mkia, huyo anasema "sitaki" kwa adabu. Mngurumo wa jana ulikuwa ndiyo sauti yake ya mwisho ya adabu. Usimkemee kwa kunguruma, maana mbwa anayekemewa kwa hilo huweza kujifunza kuuma bila kutangaza. Rudi nyuma, na uhesabu kwamba amekufanyia hisani kwa kukuonya.

Sasa mlango. Hapa nitakuwa mkali. Mbwa wengi wa ng'ambo hupotea siku za mwanzo, na hupotea kwa njia za kijinga: mleta vifurushi amebisha hodi, mlango wa gari umefunguliwa, kola imechomoka shingoni. Mvalishe mkanda wa kifuani na kola, na kila kimoja kiwe na kamba yake. Usimfungulie kamba mahali pasipo na uzio kwa miezi, hata akionekana ametulia. Hata bustanini usiku mtoe kwa kamba. Weka geti dogo la watoto baada ya mlango wa mbele, ili mlango mmoja ukifunguka uwepo mwingine. Mbwa wangu Bosi alifika akakuta nimemwekea vizuizi viwili, na jirani zangu wakanicheka, wacha wacheke.

Chipu yake iandikishwe kwa jina na simu yako, siyo ya shirika. Sheria inataka hivyo, na ukikaidi unaweza kutozwa faini ya hadi pauni 500. Akiwa nje, kola iwe na kibati chenye jina na anwani yako. Akitoroka, usimkimbize wala usiite umati wa kumsaka, kwa kuwa mbwa aliyetaharuki huwakimbia hata anaowapenda. Toa taarifa kwa kampuni ya chipu na kwa halmashauri, kwani mbwa aliyeokotwa huhifadhiwa siku saba tu kabla ya kuweza kupewa mtu mwingine. Acha chakula na shuka yenye harufu yako pale alipoonekana mara ya mwisho, kaa mbali, ngoja.

Akigoma kula kwa siku mbili, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Akiuma, daktari huyo akuelekeze kwa mtaalamu wa tabia za mbwa. Mtaalamu anayetumia maumivu kumnyoosha mbwa mwenye hofu anaongeza hofu, kwa hiyo usimlipe.

"Dada, mama anakuja kutoka Tanga kukaa nasi miezi mitatu. Ni mtu wa swala tano. Mume wangu amechukua mbwa kutoka Cyprus na mama hajaambiwa. Nifanyeje?"

Mwambie leo, kabla hajakata tiketi. Mama kulikuta jambo hili mlangoni akiwa na mabegi ni kumvunjia heshima, na hapo hata mbwa awe malaika atachukiwa.

Katika madhehebu ya Shafi, wanayoyafuata Waislamu wengi wa pwani yetu, mbwa ni najisi, na kilichoguswa na mate yake huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Wafuasi wa Imamu Malik wana rai nyepesi zaidi kuhusu mate hayo. Pia wapo wanaoona mbwa asifugwe ndani pasipo haja kama ulinzi au mifugo. Mimi si shekhe, wala sitaki ukamshinde mama kwa hoja. Anafuata alichofundishwa. Mnachoweza kufanya ni kuipanga nyumba ili ibada yake isiguswe. Chumba chake na mswala wake viwe upande ambao mbwa hafiki kabisa, geti lifungwe, na si kwa ahadi ya "tutamwangalia". Vyombo vya mbwa vioshwe mahali pengine, na sifongo lake liwe lake. Katika Ushafi mguso wa kikavu kwa kikavu haunajisi, basi manyoya makavu yakipita karibu na vazi si msiba, lakini mwache mama aseme mwenyewe. Akitaka mazungumzo, mkumbushe hadithi anayoijua tangu madrasa, ya mtu aliyeteremka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu akasamehewa. Rehema kwa mnyama na tohara ni mambo mawili, na yote mawili yana nafasi nyumbani kwako.

Usimwambie kwamba hofu yake ni ushamba. Mtu wa Tanga akimwogopa mbwa, anaogopa kichaa cha mbwa, na ana haki. Mwonyeshe kadi ya chanjo, mweleze kwamba Uingereza haina ugonjwa huo kwa mbwa wake.

Na umlinde mbwa dhidi ya upendo wa mama, maana nina hakika wiki ya tano atakuwa anamtupia vipande chini ya meza. Chakula chetu kina vitunguu na saumu karibu kila sufuria, na vyote ni sumu kwa mbwa. Pilau haimfai, hasa ikiwa na zabibu kavu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kuchana matumbo. Mpe mama mfuko wa kuku mweupe wa kuchemsha, bila viungo, na useme huo ndio wake wa kugawa.

Wageni watakuja kumsalimu mama, tena wengine bila kutangaza. Siku hizo mbwa awe chumbani mwake na mlango umefungwa, na asiwepo mtoto wa mgeni atakayeruhusiwa kumfungulia "amwone tu".

"Dada, niko Dar es Salaam. Nawashangaa. Mnawaokoa mbwa wa Wazungu, na huku kwetu mbwa koko wamejaa jalalani?"

Umenichoma, na una hoja. Nikujibu kwa sheria kwanza. Romania iko kwenye orodha ya nchi ambazo Uingereza inaziamini kuhusu kichaa cha mbwa. Tanzania na Kenya hazimo. Ili aje Uingereza, mbwa wa Dar lazima achanjwe, zipite angalau siku 30, damu yake ipelekwe maabara iliyoidhinishwa, na majibu yakiwa mazuri asubiri miezi mitatu mingine tangu damu ilipotolewa. Juu ya hapo kuna ndege. Ni miezi minne na zaidi, na gharama ambayo ingewachanja mbwa wa mtaa wako wote.

Na kuchanja ndiko kuokoa kwenyewe. Karibu kila mtu anayekufa kwa kichaa cha mbwa aliambukizwa na mbwa, na wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa njia ya kuendelea. Kwa hiyo ukimtaka mbwa, mchukue huyohuyo wa jalalani. Usimbebe siku ya kwanza. Mlishe mahali pamoja, saa ileile, mpaka akuzoee. Mpeleke achanjwe, ahasiwe, apewe dawa ya minyoo. Dar kuna shirika la kutetea wanyama la TAWESO, Nairobi kuna KSPCA. Waulize kabla ya kuanza. Na yeyote akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima. Hili usilifanyie mzaha wala usisubiri dalili, maana dalili zikitokea hakuna tena dawa.

Niliyomwambia kaka wa Glasgow yanakuhusu na wewe. Mbwa koko wako atakutilia shaka kwa wiki nyingi, atakula na kutoroka. Usimfunge mnyororo ili akupende haraka. Mpe njia ya kuondoka, naye atachagua kubaki.

Mwezi ujao nitazungumzia bima ya wanyama na mikataba ya nyumba za kupanga, kwa kuwa mmeuliza wengi. Leteni maswali yenu. Ila picha za mbwa wa mtandaoni msinitumie mkiniuliza kama mumchukue. Nitumieni majibu ya vipimo vyake, hapo tutaongea.